Kipokezi cha redio cha vimondo: GRAVES, Dourbes au FM?

Mlinda_Kuba
Wakuu, shikamooni mliotangulia, wengine habari za leo. Niko Liège kimasomo, na wikendi najitolea kwenye kituo kidogo cha wapenzi wa nyota mashariki mwa Ubelgiji. Mawingu ya huku si mchezo. Agosti iliyopita Perseidi, mvua ya vimondo ya kila mwaka, zilipofika kilele tulikunywa kahawa chini ya kuba iliyofungwa hadi alfajiri. Wazee wa kituo wamechoka, wanataka tuvisikilize vimondo kwa redio, kwa sababu redio haijali mawingu wala mchana.

Nimepewa euro 150 na paa la karakana. Machaguo ya mitambo ambayo mwangwi wake tutausikiliza ni haya: rada ya kijeshi ya Ufaransa iitwayo GRAVES, karibu na Dijon, inayorusha bila kukatika kwenye megahezi 143.05, mtambo wa BRAMS, mtandao wa Kibelgiji wa kusikiliza vimondo, ulioko Dourbes hukuhuku Ubelgiji, wati 150 kwenye 49.97, au stesheni za FM za mbali. Mzee mmoja yuko tayari kutuazima redio yake ya Icom IC-R75. Ningefuata ipi?

FundiWaya_Tanga
Mkuu, hiyo IC-R75 inaishia megahezi 60. Ukiipokea, GRAVES umeshaiaga.

Lakini usianze na redio, anza na wimbi. Kimondo kikiingia angani, kwenye kilomita 80 hadi 110 kutoka ardhini, kinaacha mkia wa hewa iliyochajiwa umeme, na mkia huo ndio unaoakisi mawimbi kwa muda mfupi kabla haujatawanyika. Kwa vimondo vidogo, ambavyo ndivyo vingi, muda wa mwangwi unakua kwa mraba wa urefu wa wimbi. Wimbi la Dourbes ni mita 6, la GRAVES ni mita 2.1. Piga hesabu: kimondo kilekile kitasikika takriban mara 8 kwa urefu zaidi ukiwa Dourbes. Kinachotoa "ting!" ya kupepesa jicho kwa GRAVES, kwa Dourbes unapata muda wa kumwita mwenzio aje asikie.

Kijana_wa_Stuttgart
Fundi kasema kweli, ila kasahau nguvu. Mimi natumia GRAVES mwaka wa tatu sasa. Ile ni rada ya kufuatilia satelaiti, hawakuijenga kwa ajili ya watu wa kubahatisha kama sisi. Nguvu yake ni kubwa kiasi kwamba antena ya kijiti cha sentimita 50 na RTL-SDR, kidude cha USB kinachogeuza kompyuta kuwa redio, vinatosha. Gharama yangu yote haikufika nusu ya bajeti yako. Juu ya hayo unapata satelaiti zikipita, na watu wenye antena kubwa husikia mpaka mwangwi wake kutoka mwezini.

Kasoro zipo. Miale yake inahama mwelekeo kwa zamu, kwa hiyo mwangwi mrefu unauona umekatwakatwa kama muwa wa kutafuna. Na ni mali ya jeshi, wakiamua kuizima hawatakuuliza.

FundiWaya_Tanga
Na mwelekeo je? GRAVES inatazama kusini. Liège iko kaskazini yake, kilomita 360 hivi. Kijana wa watu amekaa mgongoni mwa rada.

Kijana_wa_Stuttgart
Hata mimi niko pembeni, mbona nasikia. Uingereza wanaipata pia. Kinachotakiwa ni kipande cha anga ambacho rada inakiangaza na wewe unakiona, basi. Ila nakubali, kwa Liège Dourbes iko mlangoni.

Bi_Mawimbi
Niseme la FM, maana hilo nimelijaribu mwenyewe Mombasa. Kimaandishi ni rahisi: tafuta masafa yaliyo matupu kwako lakini yana stesheni yenye nguvu ng'ambo ya upeo, kisha subiri kimondo kikuletee sekunde moja ya muziki wa watu. Kwa pwani yetu ni kazi bure. Jioni joto la bahari likifanya vituko vyake, Tanga na Pemba zinaingia kama ziko Likoni. Nilihesabu "vimondo" vingi usiku mmoja nikafurahi peke yangu, kumbe ni tarabu ya Unguja inakuja na kuondoka! Kwenye FM hujui umesikia nini. Mtambo unaorusha toni moja tupu, kama Dourbes, haukudanganyi hivyo.

Swali langu: hiyo GRAVES huku hatuwezi kuipata?

FundiWaya_Tanga
Hapana dada. Mkia ukiwa kilomita 100 juu, mkunjo wa dunia unakubana kwenye kama kilomita 2,000 kati ya mrushaji na msikilizaji. Huku tungehitaji mtambo wetu wenyewe.

Mlinda, kosa langu la zamani lisikupate. Niliwahi kutengeneza Yagi, antena ya bomba zilizopangwa sambamba, ya vipande 9 nikidhani antena kubwa ndiyo akili. Inachungulia anga kwa tundu la ufunguo! Vimondo havipiti foleni, vinatokea popote. Vipande 3 vinatosha. Na kwa kuwa Dourbes iko kama kilomita 90 tu kutoka kwako, mikia yenyewe itakuwa karibu utosini. Ielekeze juu, usiilaze.

Kijana_wa_Stuttgart
Ongeza hili: zima taa za LED za karakana na uchunguze chaja ya injini ya kuba. Kituo kimoja nilichosaidia walibadili redio mara mbili, kelele ikabaki palepale. Mwisho tukaigundua ni adapta ya kamera ya ulinzi, ya bei ya chai.

Na Liège mna uwanja wa ndege za mizigo zinazoruka usiku kucha. Kwenye skrini ya kompyuta inayochora sauti ya redio, zitachora mistari mirefu iliyopinda. Kimondo ni kijistari kifupi kilichosimama. Ukivizoea havichanganyi.

Mlinda_Kuba
Nimewaelewa. Tunachukua Dourbes, IC-R75 ya mzee, Yagi ya vipande 3 ya bomba za alumini. Kipande cha kati kinakaribia mita 3, kwa hiyo ngazi ya karakana itapata kazi. Geminidi, mvua nyingine ya vimondo, ni katikati ya Desemba, nataka iwe juu kabla ya hapo. La mwisho: stoo kuna mita 25 za kebo ya televisheni, omu 75, na redio inataka 50. Ninunue nyingine?

FundiWaya_Tanga
Usinunue. Kwa kupokea tu, tofauti hiyo inakula chini ya robo ya desibeli, yaani kidogo mno. Pesa hiyo nunua mkanda mzuri wa kuziba maji kwenye maungio, huko kwenu mvua haina adabu.

Bi_Mawimbi
Na uturekodie sauti, Mlinda. Nataka nisikie kimondo kisichoimba tarabu.