Kuchora mandhari nje, Tukuyu: akriliki inakauka kabla ya wakati na kijani kinagoma

Migombani:
Wakuu habari. Nyumba ya babu huku Tukuyu ilishauzwa, ila ukisimama barabarani ng'ambo ya bonde unaiona yote: paa la bati lenye kutu, migomba, chai, na Mlima Rungwe nyuma yake kwa kaskazini. Nataka kuichora papo hapo, si kwa kunakili picha ya simu. Natumia akriliki (rangi za kuzimuliwa kwa maji), kanvasi ya sm 50 × 70. Shida ni tatu: rangi inakauka kwenye paleti ndani ya dakika chache, kijani kinatoka kama ndoo ya plastiki, na ikifika saa 5 vivuli vyote vimehama. Niende mwezi gani, saa ngapi? Au nihamie rangi za mafuta?

BrashiKavu:
Mkuu, punguza ukubwa kwanza. Hiyo kanvasi ni kazi ya siku tatu, na mwanga unakupa saa moja na nusu, mbili ukibahatika. Chukua hadibodi ya mm 3, kata sm 20 × 25. Piga jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, koti mbili mbele na moja nyuma. Nyuma ukiacha wazi, ubao unapinda kwa unyevu wa huko. Sugua kwa msasa namba 220, kisha pakaza rangi ya udongo mwekundu iliyozimuliwa kwa maji. Ubao mweupe juani unakupofusha, unajikuta unakoleza kila kitu, ukifika ndani picha ni giza tupu.

Paleti: boksi la chakula lenye mfuniko. Chini tandika tishu za jikoni tabaka nne, zilowe lakini maji yasielee, juu weka karatasi ya kuokea keki. Changanya rangi juu yake, itakaa mbichi siku nzima. Maji yakielea rangi inageuka uji. Na akriliki hukolea ikikauka, kwa hiyo changanya nyepesi kidogo kuliko unavyoona.

Nyuzi9Kusini:
Naongezea la mwanga. Tukuyu iko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta, hivyo Juni na Julai jua la adhuhuri linapita kaskazini, yaani nyuma ya Rungwe kwa mtu aliyesimama ulipo. Mlima unakuwa bapa, hauna mabonde wala mikunjo. Anza saa 1 na nusu asubuhi, mwanga ukitokea kulia, umalize saa 3 na nusu. Alasiri mawingu hukaa kileleni mara nyingi, usiyategemee.

Dakika 10 za kwanza chora vivuli tu, kwa rangi moja, halafu usiviguse tena. Vikihama, viache viende. Anayevifukuza humaliza na picha yenye majua mawili.

Manyunyu yapo hata Julai, beba nailoni. Septemba na Oktoba mvua ni chache lakini moshi wa kuchoma mashamba unaufuta mlima.

Chai_na_Ukungu:
Kijani cha tyubu usikitumie kikiwa peke yake, hapo ndipo ndoo inapotokea. Chai: machipukizi ya juu ni njano ya limau na chembe ya bluu ya altramarini, chini ya kichaka ni nyeusi na njano, inatoa kijani kizito cha zeituni. Jani la mgomba lina rangi mbili: likiwa na jua nyuma yake linawaka njano, likitazama mbingu linakuwa kijivu-bluu. Ukilipaka rangi moja, umechora jani la plastiki. Kijani kikipiga kelele, kitulize kwa tone la nyekundu, si kwa nyeupe.

Mafuta sipingi, ila utabeba ubao mbichi kwenye bajaji. Tena matambara yenye mafuta ya kitani usiyafinyange mfukoni, yanaweza kushika moto yenyewe. Yaanike yakiwa yametandazwa.

Migombani:
Ndaga fijo, asanteni sana wakuu. Na bati? Nikipaka kahawia linaonekana kama nyasi.

Chai_na_Ukungu:
Kwa sababu bati hata likishika kutu bado linaakisi mbingu. Upande unaopigwa na jua weka nyeupe, njano ya udongo na chungwa kidogo. Upande wa kivuli, kutu iliyochanganywa na bluu, nyepesi kuliko unavyodhani. Mstari wa mkunjo juu ya paa uwe mkali, ukingo wa chini ulainishe kwa brashi kavu. Migongo ya bati usiihesabu, mitatu inatosha.

Na nyumba isikae katikati, itakuwa picha ya pasipoti. Iweke theluthi ya chini, ndogo kama kiberiti, migomba iifiche nusu.

BrashiKavu:
Mwavuli uwe wa kijivu au mweusi. Ule mwekundu wa matangazo unamwaga wekundu kwenye ubao, unachanganya kijani kizuri kabisa kumbe si chenyewe. Shati jekundu nalo ni hivyohivyo. Na ukitaka kusogea hadi uani, bisha hodi kwa mwenye nyumba kwanza, kabla hujakunjua stendi.