Raki ya fundi, nane ya kukata au karabina tupu: tushuke na kipi shimoni Songwe?

PopoWaSongwe
Wakuu, habari za jioni. Tuko wanne hapa Mbeya, ugonjwa wetu ni mapango. Kule Songwe kwenye miamba ya chokaa, mbali kidogo na pango la popo ambalo kila mtu analijua, tumekuta shimo linaloshuka wima. Tulifunga jiwe kwenye kamba tukapima, mita 18. Kamba ya kazi tunayo, nailoni ya milimita 10, na mikanda ya kiunoni tunayo. Hela ya kuagiza kifaa cha kuteremkia ndiyo hakuna. Fundi mmoja Mwanjelwa anasema atanichomelea raki ya nondo kwa elfu 30, ile fremu ndefu yenye fito za kukatiza, kamba inapita kati ya fito. Mwingine anataka kukata nane kwenye sahani ya chuma, kile kifaa chenye matundu mawili kama namba 8, kamba inazungushwa humo. Njia ya tatu ni kununua karabina sita, zile pete zenye mdomo unaofunguka na kufunga, tuzipange zenyewe zifanye breki. Mnasemaje?

Fundi_Uyole
Nachomelea mageti mwaka wa kumi na mbili huu. Nondo achana nayo. Ile ina meno, kamba yako itakwanguliwa kama nazi kwenye mbuzi. Halafu mshono: pembeni ya pale ulipochomelea chuma kinaweza kuwa kikavu, kikakatika bila hata kuinama kwanza. Geti langu likikatika mteja ananipigia simu narudi na mashine. Wewe utanipigia ukiwa wapi?

MjukuuWaLupa
😂 Fundi kamaliza. Ila raki yenyewe si kitu kibaya, mkuu. Tangu Mmarekani John Cole aibuni mwaka 1966, watu wanashukia mashimo marefu sana kwa hiyo hiyo. Uzuri wake kamba haisokotwi, na ukiona unakwenda kasi unaongeza fito, ukikwama unapunguza. Lakini fremu ni chuma cha mviringo kisicho na meno, kilichokunjwa kipande kimoja, siyo vipande vya kuunganisha.

Na kuna mtego ambao fundi wa mtaani hawezi kuujua. Zile fito za kukatiza zina upande mmoja wa kufungukia. Ukipitisha kamba upande usio wake, raki inaonekana sawa kabisa kwa macho. Ukiweka uzito tu, fito zinafunguka moja baada ya nyingine, na kamba inabaki haijashikwa na kitu.

Mwl_Fizikia_Iringa
Naomba nichangie upande wa joto, maana hamjaugusa. Mtu wa kilo 80 akishuka mita 18 anazalisha joto la kama jouli 14,400. Lazima liende mahali. Nane ya alumini ya gramu 110, joto lote likibaki humo, inapanda nyuzi kama 145. Raki ya chuma ya kilo moja, joto lile lile, inapanda nyuzi 30 hivi. Kwa kweli sehemu inaingia kwenye kamba na hewani, na ukishuka polepole inapoa njiani, lakini tofauti mnaiona.

Nailoni inayeyuka kuanzia nyuzi 220 hivi, mna nafasi. Ile manila ya plastiki ya dukani inayeyuka kwenye 165. Ukishuka kwa mbio halafu ukasimama ghafla katikati, chuma cha moto kinatulia sehemu moja ya kamba.

MjukuuWaLupa
Mwalimu umenikumbusha. Chunya niliwahi kumwona jamaa akishuka kwenye duara, shimo la wachimba dhahabu, kwa manila na kinane cha alumini. Alisimama kurekebisha tochi, dakika moja haikufika. Alipotolewa, kamba ilikuwa na alama inayong'aa kama imepigwa pasi, na ukiigusa ni ngumu kama mswaki. Ile kamba tulifungia mbuzi.

Binti_Tukuyu
Kaka, chukua karabina. Mbili za chini midomo itazame pande tofauti, za kukatiza juu yake kamba ipite mgongoni, upande usiofunguka, isipite mdomoni hata siku moja. Ubaya wake vipande ni vingi, na gizani ukiwa na matope vidoleni unaweza kupanga vibaya, kwa hiyo mwenzako akukague kabla hujaning'inia. Mkitaka urahisi zaidi kuna fundo la Kiitaliano, kamba yenyewe inazungushwa kwenye karabina ikafanya breki; karabina moja pana ya kufunga kwa skrubu inatosha, ila linasokota kamba balaa.

Na chochote mtakachochagua, mmoja abaki chini ameshika mkia wa kamba. Akiuvuta, wa juu anasimama hata kama ameachia mikono. Wa kwanza kushuka hana mtu chini, kwa hiyo yeye awe na kitanzi cha prusiki, kamba nyembamba inayozungushwa kwenye kamba kubwa na kubana ikivutwa. Mwisho wa kamba fungeni fundo.

Barakoa msisahau, kinyesi cha popo kinaweza kuwa na ukungu unaoshambulia mapafu.

PopoWaSongwe
Ndaga fijo wote. Raki ya nondo nimeifuta. Swali kwa Fundi: nane ya kukata kwenye sahani, bila kuchomelea chochote, nayo hapana?

Fundi_Uyole
Hiyo afadhali, mshono haina. Lakini gesi inaacha kingo kama msumeno, lazima uzipige tupa na msasa mpaka uzi wa soksi usinase. Ni kazi ya siku nzima, na mafundi wengi wataishia njiani. Na ile sahani ya chuma chakavu, nani anajua ilitoka kwenye nini?

PopoWaSongwe
Basi karabina. Jumamosi tunafunga kamba kwenye mkaratusi nyuma ya nyumbani, mita nne tu, gunia la mchanga la kilo 100 linashuka kwanza. Binti Tukuyu, ukiwa mjini pita utukague mpangilio.

Binti_Tukuyu
Nitakuja. Msimtundike mtu kabla sijafika.