Kuta zimefika linta na pesa ni kidogo: tuezeke au tumlipe mtaalamu wa mazoezi ya viungo?

Mama Neema, Busia (upande wa Uganda)
Bwana asifiwe, wapendwa. Mimi ni katibu wa kamati ya kituo cha mazoezi ya viungo tunachojenga kanisani kwetu, kwa ajili ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Matofali tulifyatua na kuchoma wenyewe. Kuta zimefika linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, zikakwama hapo. Aliyetuahidi mabati alikuwa anategemea msaada wa Marekani. Ulipokatwa mwaka 2025, naye akanyamaza.

Sadaka zimepungua pia. Jumapili iliyopita tulinadi jogoo baada ya ibada. Akanunuliwa 30,000, mnunuzi akamrudisha anadiwe tena. Akapata 25,000, akarudishwa. Mara nne, jogoo yule yule, mpaka ikatimia laki moja. Nililia, maana nawajua wale watu, najua nani bado anadaiwa karo.

Sasa tuna milioni tatu na laki mbili. Wazee wanataka tuezeke kabla ya mvua za Machi. Mimi nataka tumlipe mtaalamu aje kila wiki. Kuna mtoto wa miaka 4 hapa, magoti yamejikunja hayanyooki tena. Alipokuwa na mwaka mmoja yalinyooka, nilimshika mwenyewe. Nishaurini.

Fundi wa Tororo
Pole na kazi, mama. Wazee wana haki kuogopa mvua, ila tofali lililoiva vizuri halitishwi na msimu mmoja. Kinacholiwa ni udongo wa katikati, kama mlijengea tope. Funikeni vichwa vya kuta kwa kavera, yaani plastiki, nene, mlaze tofali juu, zisubiri.

Wakati huo pimeni milango: sentimita 90 isipungue, kiti cha magurudumu kipite. Na mlangoni msiweke ngazi. Kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za mteremko. Wengi hukumbuka haya sakafu ikishakauka.

Baba Pacha, Mbale
Mama Neema, mlipe mtaalamu. Mmoja wa pacha wangu alipasuliwa kichwa maji hapa Mbale, upasuaji ukaenda vizuri sana. Kilichobaki kikawa mazoezi, na mazoezi ni nauli kila wiki. Tuliposhindwa nauli, mtoto alirudi nyuma.

Tulikuwa tunamlisha uji amelala chali, kila mlo anakabwa, macho yanamtoka. Dada mmoja wa mazoezi akatufundisha kutengeneza kiti cha pembe, chenye mgongo kama kona ya ukuta, kwa maboksi ya sabuni. Unakoroga unga wa ngano uwe gundi, unabandika tabaka juu ya tabaka, unaanika juani mpaka kiwe kigumu kama ubao, kisha vanishi. Ufundi huo ulianzia Zimbabwe. Siku ya kwanza alipokaa wima akameza kijiko kizima bila kukohoa, mke wangu alitoka nje akapiga magoti uani. Hatukuwa na jengo. Tulikuwa chini ya mwembe wa kanisa.

Nesi Mstaafu, Jinja
Naungana na Baba Pacha, lakini karatasi zitangulie. Ardhi iwe kwa jina la wadhamini wa kanisa, si la mtu, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, aweke mhuri. Mtaalamu awe na leseni. Baadaye mtafute kutambuliwa na UPMB, shirika la afya la makanisa ya Kiprotestanti lililopo tangu 1957; ruzuku ya serikali hufikia vituo vya dini vilivyotambuliwa, haifikii chumba kisicho na jina.

Jingine: mchungaji aseme hadharani kwamba hili si pepo. Mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, au alipata manjano makali, au malaria ikapanda ubongoni. Mama akisikia hivyo madhabahuni, ataacha kumficha mtoto chumba cha nyuma.

Mama Neema
Nimewasomea kamati majibu yote. Kavera tumenunua jana. Mtaalamu ataanza Jumatano katika chumba cha shule ya Jumapili, na tumetenga pesa zake za miezi sita. Mzee mmoja bado amenuna. Ndiye aliyetoa kiwanja, na hati bado ina jina lake, kwa hiyo nesi umenigusa penyewe. Jumatatu naenda kwake na mchungaji, kwa unyenyekevu.

Baba Pacha, huyu wa miaka 4 asiyenyoosha magoti, kiti chake kikatwe chini kiasi gani? Maboksi ninayo kumi na moja.