Naomba ushauri: orodha za vyuo bora ni za kuaminika?

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), anataka kusomea ukadiriaji majenzi, yaani kukadiria gharama za ujenzi, na moyo wake uko Chuo Kikuu Ardhi. Sasa baba mdogo katumiwa WhatsApp orodha ya "vyuo bora Afrika", picha imezungushwa kwenye magrupu mpaka maandishi yamefifia, naye kaishikilia kama msahafu: dogo aende chuo cha juu, kozi yoyote.

Nimechimba kidogo. Orodha yenyewe ni ya Webometrics, ya kule Hispania. Inapima zaidi chuo kinavyoonekana mtandaoni: tovuti, viungo kutoka tovuti nyingine, machapisho yanayonukuliwa. Hakuna anayekuja kukaa darasani. Chuo kilichojikita kwenye ardhi na majengo kitashindana vipi na chenye kila kitivo? Na hata kwa wakubwa mambo si shwari. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, kiliporomoka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18 kwenye orodha ya vyuo ya U.S. News, chombo cha habari cha huko, baada ya profesa wake mwenyewe wa hisabati kuanika kasoro za takwimu ambazo chuo kilipeleka.

Wakadiriaji na wakandarasi mliomo humu: mwajiri huwa anauliza nafasi ya chuo, au anaangalia mafunzo kwa vitendo na usajili wa Bodi ya wakadiriaji majenzi?

Halafu baba mdogo nimwingieje? Mlipa ada ni yeye, sitaki aone namkosea adabu.