Ushauri: TV mbili za inchi 50 dukani Kigoma, moja picha inawaka, nyingine sauti inasikika. Nichukue ipi?

Mwana_Bangwe
Wakuu habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Nataka kumnunulia mzee wangu TV. Ile inchi 32 ya zamani imepigwa mstari katikati ya kioo na fundi amesema haitengenezeki. Nina laki tisa, nimeikusanya kidogo kidogo kwenye biashara ya dagaa.

Jana nilipita duka moja pale Mwanga, nikakuta mbili zimepangwa jirani, bei hazipishani sana. Ya kwanza nyembamba, fremu karibu haionekani, wameweka video ya kasuku na matunda, rangi zinawaka hadi wapita njia wanasimama. Ya pili nene kidogo mgongoni, fremu nyeusi, picha imepoa. Lakini muuzaji alipoiweka kwenye taarifa ya habari nilisikia kila neno.

Mzee ana miaka 71, sikio limepungua. Sebule yetu dirisha linatazama ziwani, kuanzia saa kumi jioni jua linaingia lote ndani, na ndiyo saa ya mechi. Anakaa kama mita tatu kutoka kwenye TV. Moyo unaivuta ile nyembamba, lakini sitaki nimletee chombo kizuri asichokifaidi. Naombeni mnielekeze namna ya kuzipima.

Kijana_wa_Nguruka
Ipi ni 4K? Chukua hiyo, usijiulize mara mbili.

Fundi_Gungu
Mkuu, TV ndizo kazi yangu, ngoja nikueleze vizuri.

Ile video ya kasuku isahau. Imerekodiwa kwa ajili ya kuuzia TV, na TV yenyewe imewekwa modi ya dukani: mwanga umepandishwa mwisho, rangi zimezidishwa. Nyumbani hamtaangalia kasuku. Mwombe muuzaji azirudishe zote mbili kwenye modi ya kawaida au ya sinema, achomeke king'amuzi kimoja kwa zamu, chaneli ileile, mpira unaochezwa.

Hapo angalia nyasi. Kamera ikimfukuza winga, nyasi zikageuka uji wa kijani, au mpira ukavuta mkia, paneli, yaani kioo cha picha, ni nzito kubadilisha picha. Halafu subiri kamera isogelee uso wa mchezaji. Ngozi yetu nyeusi ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko vyote. TV nzuri inakuonyesha jasho, kope, mkunjo wa paji la uso. Mbovu inaufanya uso doa jeusi lisilo na kitu ndani, au inaupaka wekundu wa tofali la kuchoma.

Kuhusu 4K: ina pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, 3840 kwa 2160, yaani mara nne ya Full HD yenye 1920 kwa 1080. Lakini ving'amuzi vyetu vingi vinaleta HD tu, pikseli zilizobaki TV inazijaza kwa kukisia, na TV dhaifu inakisia vibaya. Tena kwa inchi 50 mtu akikaa mita tatu, jicho la kawaida halitofautishi 4K na Full HD nzuri. Kijana wa Nguruka, sikupingi, ila hiyo alama isiwe ya kwanza kuangaliwa.

Kibirizi_Pwani
Mimi ningetafuta OLED. Weusi wake ni weusi kweli.

Fundi_Gungu
Ni kweli, kila pikseli inajiwashia mwanga wake, ikizimwa inakuwa giza kabisa. Ila kwa laki tisa mpya huipati, na sebule yenye jua la jioni inataka TV yenye mwanga mkali. Pia msidanganyike na neno QLED, hiyo bado ni LCD yenye taa nyuma, ni teknolojia nyingine kabisa.

Mama_Ujiji
Mwanangu, mimi ni muuguzi, niache nizungumzie sikio la mzee.

Uzee mara nyingi huanza kuondoa sauti nyembamba, zile za s, f, t. Ndiyo maana utamsikia mzee anasema "nasikia, lakini sielewi wanasema nini." Ukiongeza sauti anapata kelele, maneno hayaji. Na ukimwekea sabufa ndiyo unamharibia kabisa, besi inafunika herufi zote.

Mpeleke mwenyewe dukani. Mkalishe kwenye kiti, aipe TV mgongo ili asisome midomo, mwache asikilize habari dakika mbili, kisha muulize wamesema nini. Afanye hivyo kwa zote mbili, sauti iwe kiwango kilekile. Tafuteni pia kwenye mipangilio sehemu ya kukuza mazungumzo, na besi mshushe.

Fundi_Gungu
Mama umemaliza. Naongeza tu kwamba TV nyembamba haina nafasi ya hewa ndani, na spika nyingi zinatazama chini, sauti inagonga kabati kwanza. Wati 10 mara mbili zimeandikwa kwenye maboksi mengi, hazikwambii chochote kuhusu usafi wa neno.

Kibirizi_Pwani
Kuhusu jua la ziwani, na mimi ninalo. Zima TV dukani usimame mbele yake. Ukiona vifungo vya shati lako kwenye kioo, basi saa kumi na moja mzee ataangalia dirisha na mtumbwi unaopita, siyo mechi. Na usiiweke ikitazamana na dirisha, iweke ukuta wa ubavuni. Sogea pia pembeni uone kama picha inafifia, maana wajukuu hawatakaa katikati.

Msafiri_Tabora
Nunua hapohapo Kigoma, usiagize. Mimi niliagiza Dar, ikaja kwa basi imelazwa chali chini ya mizigo, kufungua nikakuta kioo kimepasuka kama utando wa buibui. Kila mtu akamsukumia mwenzake lawama, hela yangu ikapotea. TV inasafiri wima. Iwashwe mbele yako kabla hujalipa, weka picha nyeupe tupu utafute vidoa, kisha nyeusi tupu uone kama mwanga unavuja pembeni. Risiti na warantii usiviache.

Mwana_Bangwe
Nimerudi wakuu, asanteni sana, Mama shikamoo.

Leo asubuhi nimekwenda na mzee. Kwenye ile nyembamba, akiwa amegeuka, alisema wanazungumzia mvua. Ilikuwa habari ya bei ya mafuta. Kwenye ile nene alinirudia habari nzima, hadi jina la mkoa. Kwenye mpira modi ya kawaida, ile nyembamba nyuso ziligeuka doa kama fundi alivyosema, na kioo chake kilinionyesha kola yangu. Nikapima na miguu: imeachana sentimita 98, na kabati letu la mninga lina 90. Ile nene miguu yake iko karibu na katikati, inakaa.

Tumechukua nene. Imebaki elfu sitini, nataka kuchukua stabilaiza, umeme ukirudi huku unarudi kwa nguvu. Fundi, niangalie nini kwenye stabilaiza?

Fundi_Gungu
Hongera sana. Njoo Gungu kesho kabla ya saa sita, nikuonyeshe nilizofungua mwenyewe.