Upanga ni wa kweli, historia yake ni ya uongo: pauni 2,400 zimeliwa hivihivi

Wakuu, nimejizuia wiki tatu nisiandike kwa hasira. Nimeshindwa.

Naishi Uingereza na ugonjwa wangu ni vitu vya kale vya kijeshi. Majuzi nikanunua upanga wa afisa wa jeshi la farasi, ile aina ya 1821 yenye nondo tatu za kukinga mkono, ala ya chuma, mpini uliovikwa ngozi ya samaki taa na kuzungushiwa waya wa fedha. Mzuri, sikatai. Tangazo la duka (silitaji, mambo hayajaisha) lilisema bila kupepesa macho kwamba ulibebwa na afisa wa kikosi cha 13th katika shambulio la Light Brigade, wale wapanda farasi wa Uingereza waliojitupa kwenye mizinga ya Warusi kule Balaclava katika vita vya Crimea, tarehe 25 Oktoba 1854. Ukaja na cheti chenye muhuri mwekundu. Nikatoa pauni 2,400. Shemeji yenu anajua ni 400, naomba yabaki humuhumu.

Ulifika umepakwa grisi nzito kuanzia kwenye mpini mpaka ncha. Nikasema hawa watu wanajua kutunza chuma. Kumbe! Nikafuta taratibu kwa kitambaa cha pamba, na kwenye bapa, jirani na herufi za Malkia Victoria, yakatokea maandishi yaliyochorwa kwa tindikali: 13th Hussars.

Nikakaa chini. Mwaka 1854 hapakuwa na kikosi cha jina hilo. Waliokwenda Balaclava waliitwa 13th Light Dragoons, na jina la Hussars walipewa 1861. Sasa huyo afisa alikuwa mtume, achore kwenye upanga wake jina litakalokuja miaka saba baadaye?

Nikachukua lenzi, nikafuata mgongo wa upanga karibu na mpini, sehemu ambayo hakuna hata picha moja ya tangazo iliyoionyesha. Tarakimu tano, ya kwanza ni 2. Upanga ni wa Wilkinson, watengeneza panga wa London, na Wilkinson walianza kugonga namba kwenye panga za maafisa katikati ya miaka ya 1850. Madaftari yao bado yapo. Afisa wa enzi zile alinunua upanga kwa pesa yake, hakugawiwa stoo kama askari wa kawaida, ndiyo maana daftari linaweza kukuambia ni nani alichukua na lini. Nikalipia utafutaji, jibu likaja: uliuzwa miaka ya 1880. Yaani miaka kama thelathini baada ya Balaclava, na jina la mnunuzi ni tofauti kabisa na lile la kwenye cheti.

Na cheti chenyewe nani kakisaini? Mwenye duka. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Mimi mjinga niliona muhuri nikatulia, wakati nilitakiwa kuuliza barua za familia ziko wapi, wosia uko wapi, upanga ulitoka kwa nani ukaenda kwa nani, risiti ya mnada wowote wa zamani iko wapi. Hakuna hata karatasi moja iliyoandikwa kabla ya yeye kuukamata huo upanga.

Nikampigia. Kwanza akasema maelezo aliyapata kwa "familia". Familia ipi? Siri. Kisha, sikilizeni hii, akaniambia, "Kikosi ni kilekile, jina tu ndilo lilibadilika, sasa tatizo liko wapi?" Wakuu, nilishika simu nikabaki naitazama. Kesho yake nafungua tangazo lake, neno "inasemekana" limechomekwa katikati ya sentensi. Halikuwepo! Bahati nilishapiga picha ya skrini siku ya kununua.

Kinachoniuma zaidi ya pesa ni kwamba upanga huu haukuhitaji uongo. Kikosi hicho ndicho alichoanzia Baden-Powell mwaka 1876, yule wa maskauti aliyezikwa Nyeri. Baadaye kilikwenda Afrika Kusini, kikawemo katika kuikomboa Ladysmith, mji uliokuwa umezingirwa na Makaburu, mwaka 1900. (Si upanga wa Baden-Powell, msianze. Daftari lina jina la mtu mwingine.) Mtu wa Afrika Mashariki ukinipa upanga wa kikosi hicho, wa miaka hiyohiyo, nanunua huku nacheka, kwa bei yake halali, ambayo kwa ninavyoona sokoni ni kama robo ya niliyotoa. Mwenye duka akaona bora amfute mmiliki halisi, amchomeke marehemu wa Balaclava kwa sababu Balaclava inauza.

Nimeshamwandikia kwamba Sheria ya Haki za Wateja ya 2015 inataka bidhaa ilingane na maelezo yake, na kwamba nataka pesa yote, si "punguzo kwa manunuzi yajayo" analonitupia kama mfupa. Kimya, siku ya tisa leo. Upanga nimeurudisha kwenye boksi lake, namba nimeipiga picha, majibu ya daftari nimeyachapisha.

Mahakama ya madai madogo hapa England inapokea mpaka pauni 10,000, kwa hiyo naingia humo. Aliyewahi kupeleka dalali wa vitu vya kale huko aniambie: jibu la daftari linatosha, au hakimu atataka mtaalamu aje kuushika upanga wenyewe?