Nguruwe wanahara damu na ute, dawa inatuliza kisha hali inarudi. Naombeni ushauri

Mleta uzi
Wakuu, habari zenu. Nina nguruwe 22 wa kilo 30 hadi 50. Kinyesi kilianza kulainika na kuwa cha kijivu kama saruji iliyokorogwa, sasa kina ute mzito wenye michirizi ya damu. Bado wanakula, ila mbavu zinahesabika. Nimeshachoma dawa aina mbili. Wanapata nafuu, wiki tatu baadaye ni yale yale. Jana amekufa mmoja, imeniuma sana. Nijaribu dawa gani nyingine?

Zizi Kavu
Pole sana mkuu. Umewapima joto? Kama wana homa kali, masikio na tumbo vimekuwa vyekundu au zambarau, na wanakufa wa kila rika, huenda ni homa ya nguruwe ya Afrika. Hapo usihamishe hata mmoja, toa taarifa kwa mamlaka ya mifugo leo leo.

Mleta uzi
Joto ni 39.4, ngozi safi, majike wanaonyonyesha wazima. Ila wiki mbili kabla ya kuhara kuanza nilileta sita wapya nikawachanganya siku hiyo hiyo.

Daktari wa Mifugo
Ndugu, acha kubahatisha dawa. Dalili hizi zinafanana sana na kuhara damu kunakoletwa na Brachyspira hyodysenteriae, bakteria wa utumbo mpana. Mnyama aliyepona huweza kuendelea kumbeba, na huenda hao sita ndio waliokuja naye. Lakini Lawsonia, bakteria mwingine anayekaa mwishoni mwa utumbo mwembamba, naye huleta damu, mara nyingi nyeusi kama lami. Salmonela na minyoo ya mjeledi pia hudanganya macho.

Chukua kinyesi kibichi cha walioanza kuhara karibuni na hawajapata dawa, kiweke kwenye ubaridi bila kukigandisha, uombe kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya bakteria. Lawsonia haoti kwa njia za kawaida za maabara, kwa hiyo jibu la "hakuna kilichoota" lisikutulize. Akifa mwingine, apasuliwe mapema, utumbo mwembamba na mpana vyote vikaguliwe.

Ikithibitika ni Brachyspira, antibiotiki ya tiamulini hutumika sana, ingawa wapo bakteria sugu wasiosikia dawa hiyo. Kabla ya kuitoa soma mfuko wa chakula: ikikutana na monensini au salinomaisini, dawa zinazochanganywa kwenye baadhi ya vyakula vya mifugo, inaua nguruwe.

Mama Vitoto
Na panya, jamani! Sisi tulitibu mara tatu bure mpaka tulipowamaliza. Bakteria huyo hukaa ndani ya panya kwa miezi, na kwenye kinyesi chenye unyevu huishi wiki nyingi. Toa kinyesi chote, osha, puliza dawa ya kuua vijidudu, kisha acha banda likauke kabisa kabla ya kuwarudisha. Buti za banda la wagonjwa zisitoke humo. Nguruwe wageni wanaokuja, watenge.

Mleta uzi
Daktari, nimetoka kusoma mfuko sasa hivi: salinomaisini imo. Na tiamulini nilikuwa nimeshaiagiza.

Daktari wa Mifugo
Usiifungue. Badilisha chakula kwanza, sampuli iende maabara, halafu njoo na majibu.

Mleta uzi
Sawa daktari. Kuna mmoja ameanza leo asubuhi, sijamgusa kwa dawa yoyote. Naanza na huyo.